Ukoko wa Droo ya Kumi na Saba

Jumatatu, 6 Machi

Leo nimegundua madini mapya. Naandika polepole.

Ilikuwa saa nne asubuhi, ghalani. Nina miaka kumi na tisa ya kutunza sampuli za idara hii ya jiolojia. Mawe elfu sita na ushee, na hakuna hata moja lililowahi kunifanyia wema. Leo nilikuwa nabadilisha lebo za droo ya kumi na saba, mawe ya fosfati kutoka machimbo yaliyofungwa zamani. Jiwe la nne kutoka kushoto, ukubwa wa ngumi ya mtoto, limegandwa na uchafu wa kahawia kama ukoko wa sufuria. Likaniponyoka. Likapasuka ubavuni. Ndani ya ufa, fuwele za buluu! Nyembamba, zinameremeta, zimejipanga kama meno ya kitana.

Lebo inasema tu: "Fosfati, haijulikani." Miaka arobaini maneno hayo yamekaa gizani yakinisubiri mimi.

Sijamwambia mtu. Hasa Bi Hadubini. Huyu ni daktari wa madini, chumba chake kimepakana na ghala langu, na kutwa nzima jicho lake liko kwenye hadubini. Jina hilo nimempa mimi, na ninalitumia mimi peke yangu. Kila asubuhi anapita mlangoni na kuniuliza nimeamkaje. Kila asubuhi. Mtu wa namna hiyo ana lake jambo.

Madini mapya hupewa jina, na jina likishapita linakaa vitabuni maisha. Nimefunga mlango nikajaribu kulitamka jina langu likiwa na "aiti" mwishoni, kama majina ya madini yalivyo. Nimelitamka mara tatu.

Linapendeza.

Jumanne, 7 Machi

Nimeliogesha jiwe. Mswaki mpya, sabuni ya unga, beseni la plastiki. Ukoko ulikuwa mbishi lakini mimi mbishi zaidi. Maji ya kwanza yalitoka kama chai ya rangi, nikamwaga. Ya pili hivyohivyo, nikamwaga. Ya tatu nikachoka, nikaliacha beseni kwenye sinki la ujia. Jiwe sasa ni safi, kama bwana harusi.

Mchana nikamtega Bi Hadubini. Nikamuuliza, kana kwamba napoteza muda tu, mtu akigundua madini anayaitaje. Akasema jina linapelekwa kwenye tume ya kimataifa, wajumbe wanapiga kura. Nikauliza kama mtu anaweza kuweka la kwake. Akacheka. Akasema hilo halifanyiki, ni aibu, jina la mtu lazima lipendekezwe na mtu mwingine. Akaendelea kunieleza sharti fulani linalohusu watu walio hai. Sikumsikiliza. Kichwani mpango ulikuwa umeshaanza kuchemka.

Mpango wenyewe: nimpe jiwe Fundi Eksirei, yule wa mashine ya chumba cha chini. Yeye alipime, yeye aandike, halafu kwa shukrani, bila mimi kumwomba, ataje jina langu. Nitakataa kidogo. Kisha nitakubali.

Alhamisi, 9 Machi

Muujiza. Jiwe nililiweka dirishani lipate mwanga. Juzi lilikuwa buluu ya anga. Leo ni buluu ya wino. Linabadilika lenyewe! Sijawahi kusikia kitu kama hicho.

Doa moja. Bi Hadubini amekuja kuuliza beseni la sinki ni la nani na maji yake yametoka wapi. Nikajibu bila kupepesa macho kwamba ni langu, nilikuwa naosha viatu, na hayo ni matope ya barabarani. Akasimama akaniangalia viatu. Akauliza huwa napita barabara gani. Nikamtajia. Akaandika kwenye daftari.

Akaondoka na beseni langu amelishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba supu ya mgonjwa. Anakusanya ushahidi kwamba nachafua sinki. Sawa.

Jumapili, 12 Machi

Dada amepiga simu. Amepata mjukuu, mvulana, kilo tatu na nusu. Nikampongeza. Nikanyamaza kidogo ili apate nafasi ya kuniambia jina.

Safari hii nilikuwa na matumaini. Mimi na marehemu mke wangu hatukujaliwa mtoto, na Dada mwenyewe ndiye aliyesema mwaka jana, mbele ya watu, kwamba jina la mdogo wangu huyu halitapotea hivihivi, akizaliwa wa kiume tutaona. Basi nikangoja. Akazungumza habari za daktari, za maziwa, za mvua. Mwisho nikauliza mwenyewe. Akasema wamempa jina la baba yake shemeji, wazee wa upande ule walikuwa wameshalitangaza, hakuwa na la kufanya. Akasema pengine atakayefuata.

Nikasema ni jina zuri. Nikasema betri ya simu inaisha.

Betri ilikuwa imejaa. Nikakaa kitandani upande wangu. Ule mwingine bado siukalii. Nikahesabu watu walionitamka jina wiki hii. Dada, mara mbili. Mkuu wa idara, mara moja, alipokuwa anatafuta ufunguo.

Jiwe, jiwe. Jumatano nalipeleka kwa Fundi.

Jumatano, 15 Machi

Siku mbaya.

Fundi Eksirei alichukua chembe moja ya buluu, akaiweka kwenye mashine, akala ndizi huku ikipigwa miale. Ndizi ilipoisha, jibu likatoka. Vivianaiti. Inajulikana kwa miaka zaidi ya mia mbili. Nikamwambia hii inabadilika rangi dirishani. Akasema ndiyo, vivianaiti zote hubadilika rangi zikipigwa na mwanga, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Akaniuliza nimefanya kazi hapa miaka mingapi. Nikasema nina haraka.

Nilimwapisha asimwambie mtu. Akaapa, mkono kifuani. Dakika kumi baadaye nikamsikia ukutani, chumbani kwa Bi Hadubini, akimsimulia kuhusu jiwe la buluu la droo ya kumi na saba. Wakacheka. Halafu Bi Hadubini akaacha kucheka ghafla, akauliza jiwe hilo lilikuwa na uchafu gani juu yake.

Uchafu! Watu wanauliza habari za uchafu.

Alhamisi, 16 Machi

Bi Hadubini amekuja ghalani, na safari hii aliketi. Akasema kwa upole kwamba yale hayakuwa matope ya viatu. Alichuja maji ya beseni na ndani yake kuna vijifuwele vya kahawia, vyembamba kuliko unywele, na havifanani na chochote anachokijua. Ana hakika vimetoka kwenye jiwe langu. Akaniomba, kama bado kuna ukoko umebaki kwenye nyufa, nimpe jiwe alitazame.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa. Hakuna binadamu mwenye digrii tatu anayetaka kahawia mbele ya buluu. Kwa hiyo anataka buluu. Kwa hiyo Fundi alinidanganya, wamepanga wote wawili, na buluu ni mpya kama nilivyosema.

Nikamwambia jiwe limepotea. Akasema, haya kaka, likionekana unishtue.

Limeonekana saa hiyohiyo, ndani ya soksi, ndani ya mkoba wangu, njiani kwenda nyumbani.

Jumapili, 19 Machi

Tangu Ijumaa jioni sijasema na mtu. Si jambo geni. Ila wiki hii kulikuwa na jiwe.

Nimeliweka mezani, upande wa pili. Nilipopika nikajikuta nimelitengea kijiko. Nikakirudisha. Nililieleza mpango mzima kuanzia mwanzo na nikaona mashimo mawili matatu ambayo sikuwa nimeyaona. Nililieleza pia habari ya mtoto wa Dada. Kwa kusikiliza halina mpinzani.

Mchana nikalala, nikaamka nikadhani kuna mtu sebuleni.

Jumatatu, 20 Machi

Nimeitwa na Mkuu wa idara. Mezani kwake palikuwa na karatasi moja tu, na yeye hapendi karatasi. Akaniuliza jiwe liko wapi. Nikaanza kusema kuhusu kupotea. Akasema Fundi aliniona kituo cha basi nikiongea na soksi.

Nikalitoa mkobani. Bi Hadubini alikuwa amesimama pembeni. Hakunisuta. Alilipokea jiwe kwa viganja vyote viwili, akaligeuza juu ya lenzi, akatoa pumzi. Akasema ukoko umebaki kwenye ufa mmoja tu, lakini utatosha. Buluu hakuitazama hata kidogo. Mwigizaji hodari.

Alipotoka, Mkuu akanieleza kwamba kutoka na sampuli nje ya jengo ni kosa, na kwamba kwa kosa kama hilo watu huhamishiwa stoo ya magari. Akaongeza kuwa bahati yangu kanuni haziruhusu kumhamisha mtu bila ridhaa yake ya maandishi.

Ridhaa ya maandishi. Hayo maneno nimeyaweka akiba.

Ijumaa, 24 Machi

Wameanza. Bi Hadubini amekuja kuniuliza jina langu kamili linaandikwaje. La kwangu, la baba, la babu. Akauliza kama ni herufi moja au mbili pale katikati. Akauliza na mwaka nilioajiriwa. Yote kwenye daftari, na anatabasamu.

Barua ya kuhamishwa haiandikwi bila jina kamili. Nikamtajia la babu kimakosa, kwa makusudi. Litawachelewesha.

Halafu, kama mtu anayenisogeza ukingoni, akanikaribisha Jumapili kwake kwa chakula cha mchana. Anaishi na mama yake. Amemsimulia mama yake habari za beseni, na mama amesema lazima anione. Nikajibu kwamba Jumapili nina wageni.

Wageni gani? Nimeandika tu ili nisisahau nilichosema.

Jumapili, 26 Machi

Sikuwa na wageni.

Jumanne, 11 Aprili

Bahasha. Niliikuta mezani asubuhi. Bi Hadubini alikuwa amesafiri kwenda kwenye maabara ya chuo kingine kupima vumbi lake la kahawia kwenye mashine kubwa, akaniachia bahasha na kikaratasi: "Kaka, tafadhali soma, weka sahihi. Nitafurahi sana."

Nitafurahi sana! Atafurahi mimi nikienda kuhesabu matairi.

Ndani mna fomu ya lugha ya kigeni, herufi ndogo kama sisimizi. Sikuhangaika nazo. Nilisoma kichwa cha habari na kikanitosha. *Fomu ya Ridhaa.* Chini yake jina langu kamili, na la babu lisilo sahihi. Mtego ule ule niliongojea.

Nikachukua kalamu nyekundu. Nikaandika kutoka kona hadi kona: SIRIDHII. SITARIDHIA KAMWE. Nikatia sahihi, nikagonga na muhuri wa ghala mara tatu. Kisha nikaona kwamba nikimrudishia yeye anaweza kuichezea. Chini ya fomu palikuwa na anwani ya barua pepe. Nikaipiga picha, nikaituma mwenyewe, moja kwa moja, kwa wakubwa wenyewe.

Wiki zote hizi sijajisikia mwepesi hivi. Jioni nilitembea kwa miguu hadi nyumbani nikipiga mluzi. Nilitamani kumpigia mtu simu. Nikampigia Dada, simu yake ilikuwa inatumika. Nikajaribu tena. Nikaacha.

Jumatano, 12 Aprili

Bi Hadubini amerudi. Hakupita mlangoni kuniuliza nimeamkaje. Ushindi.

Alhamisi, 13 Aprili

Hakupita.

Ijumaa, 14 Aprili

Hakupita. Asubuhi ni ndefu kuliko nilivyokuwa najua. Nimebadilisha lebo za droo ya ishirini na mbili. Zilikuwa sawa.

Alhamisi, 20 Julai

Leo Mkuu alituita wote kwenye ukumbi mdogo. Tume imepiga kura. Ule ukoko wa kahawia ni madini mapya. Fosfati ya chuma na manganisi ambayo haijawahi kuandikwa na mtu yeyote, mahali popote. Bi Hadubini ametumia miezi minne: amepima kila elementi iliyomo, amechora jinsi atomu zinavyoshikana, rangi, ugumu, mng'ao, mpaka unga wake ukikwaruzwa kwenye kigae cheupe unakuwaje. Akasema madini hayo yote yanayojulikana duniani yanaenea kwenye ukucha wa kidole kidogo.

Mengine yalipita kwenye sinki siku ya Jumanne. Hilo alilijua, hakulisema. Alichosema ni kwamba bila aliyepasua jiwe na kuliosha, asingeyaona kamwe. Watu wakanigeukia wakapiga makofi. Sikujua mikono niiweke wapi.

Kisha wakaonyesha jina. Ni la machimbo. Yale machimbo yaliyofungwa.

Baadaye nikamfuata chumbani kwake, nikiwa na nia ya kumwonyesha kwamba sina kinyongo. Alikuwa anafuta lenzi. Nikamwambia jina la machimbo ni zuri, ila nilidhani ataweka jina la baba yake au mtu kama huyo.

"Nilikuwa nimeweka lako," akasema.

Nikadhani sikusikia.

"Sheria yao, mtu akiwa hai lazima aridhie mwenyewe. Nilikueleza ile siku uliyoniuliza. Nikakuachia fomu." Aliendelea kufuta lenzi ileile iliyokwisha kuwa safi. "Wakanitumia picha ya majibu yako. Kalamu nyekundu, na mihuri mitatu. Wakaniuliza nimekukosea nini."

Nilishika ukingo wa meza.

"Nimekukosea nini, kaka?"

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na maneno, yalikuwa yamejaa mdomoni: stoo ya magari, soksi, mjukuu wa Dada. Ningemwambia kwamba nilikuwa nalitamka peke yangu mlango umefungwa. Ningemwambia kwamba natafuta mtu wa kuniuliza nimeamkaje.

Nikasema, "Mimi si mtu wa makuu, Daktari. Sipendi kujionyesha."

Akaniangalia. Macho yakamlainika, akaniomba radhi kwa kutonielewa. Akaniomba radhi yeye!

Jina likishapitishwa halibadilishwi. Niliuliza, kwa ujumla tu.

Ijumaa, 21 Julai

Mimi sasa ni mfano wa unyenyekevu. Habari zimeenea jengo zima. Mkuu wa idara amenipa mkono, akasema watu wa aina yangu wamekwisha. Wanafunzi wananiamkia kwa adabu. Fundi Eksirei amesema kwamba kama angekuwa yeye angekubali jina hata kama lingekuwa la choo, na kwamba ananivulia kofia. Nikainamisha kichwa. Unyenyekevu unachosha shingo.

Hakuna hata mmoja anayejua kilichonifika, na siwezi kumwambia yeyote. Chakula cha mchana nimekula ghalani. Nilipofungua daftari hili nikagundua nimeandika jina langu pembeni ya ukurasa, dogo, na zile herufi za "aiti" mwishoni. Nimelikata. Bado linasomeka.

Bi Hadubini amepita asubuhi. Ameuliza nimeamkaje. Nikasema salama.

Jumamosi, 29 Julai

Mambo mapya, na safari hii nimewahi.

Wanakwenda machimboni siku saba, kutafuta kama kuna ukoko mwingine. Bi Hadubini, Mkuu, Fundi, na dereva. Gari lina viti vitano. Jumatano Bi Hadubini alikuja mwenyewe akasema kiti cha tano ni changu, kwamba jicho langu lina bahati, kwamba mama yake atatufungia chakula cha njiani kwa sababu bado anataka kuniona. Akasema kule jioni kunapoa, nibebe sweta.

Sikulala. Kwa nini mtunza ghala aondolewe ghalani siku saba? Nani atakuwa na ufunguo? Kila nilipoligeuza nilipata jibu lilelile. Wanataka kunitoa hapa, nikirudi nikute kufuli jipya na mtu mwingine kwenye kiti changu. Sweta! Wamefikiria mpaka sweta.

Nikamwambia mgongo unanisumbua. Alisikitika vizuri sana.

Leo saa moja asubuhi nilikuwa dirishani ghorofa ya kwanza, nimejificha nyuma ya pazia. Waliondoka wakicheka. Kiti cha nyuma cha kati kilikuwa kitupu, na juu yake wameweka kapu la chakula. Bi Hadubini alitazama juu kabla ya kufunga mlango. Nilirudi nyuma kwa wakati.

Kutwa nzima nimekaa ghalani na ufunguo mfukoni, kiti nimekielekeza mlangoni. Jengo liko kimya, hata mabomba hayalii. Saa sita nilidhani nimesikia hatua, nikasimama, nikasema karibu. Ulikuwa upepo.

Saa kumi na moja nimefunga. Hakuna aliyekuja. Hata mmoja.

Nimewashinda.